Kila Jumamosi, Hatua Chache Kutoka Nyumbani: Michezo ya Watoto Wenye Mahitaji Maalumu Mitaani



Nimeombwa nizungumzie programu za jamii na michezo kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Naomba nianze na bonanza, maana kwetu neno programu likikutana na neno ulemavu, mara nyingi kinachozaliwa ni bonanza.

Nilipokuwa mgeni katika ualimu wa elimu maalumu niliwekwa kwenye kamati ya bonanza moja. Tulitafuta fulana, maji ya chupa, spika mbili kubwa kama makabati, na mgeni rasmi. Watoto walifika saa mbili asubuhi, mgeni rasmi saa tano. Mtoto mmoja mwenye usonji alijificha nyuma ya gari la matangazo, ameziba masikio, hadi baba yake alipomchukua wakaondoka. Watoto wenye ualbino tuliwakimbiza mita 50 juani, saa sita mchana. Picha zilipigwa nyingi. Jumamosi iliyofuata uwanja ulikuwa mtupu, na ukabaki hivyo mpaka mwaka ukazunguka. Nami nilikuwa mwanakamati, simlaumu mtu.

Mtoto asiye na ulemavu hucheza kila siku bila kualikwa. Huyu mwingine tunampa siku moja kwa mwaka, tena yenye hotuba. Ninachotetea hapa ni saa moja na nusu kila Jumamosi, karibu na nyumbani, pamoja na watoto wale wale wa jirani. Haki yenyewe ya kucheza ipo tayari: Mkataba wa Haki za Mtoto unaitaja kwenye kifungu cha 31, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unairudia kwenye kifungu cha 30. Sitakaa sana hapo. Hakuna mtu aliyewahi kunibishia kuhusu haki hiyo. Ubishi huanza tunapofika kwenye uwanja na muda.

Kosa letu la pili, baada ya bonanza, ni kuugeuza mchezo kuwa dawa. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufundishwa kliniki kumnyoosha viungo, na ni vyema afanye hivyo. Lakini tukimfuata mtoto huyo hadi uwanjani na mazoezi yale yale, anabaki mgonjwa hata Jumamosi. Nimeona mkono uliogoma kufunguka kwa mtaalamu ukifunguka kwa kokoto la mdako, kwa sababu mdogo wake alikuwa anakaribia kumshinda. Mdako huchezwa mkiwa mmeketi chini. Bao nalo ni hivyo hivyo: kuokota kete na kuzigawa shimo kwa shimo ni kazi kubwa ya vidole, na hakuna anayeiita tiba.

Tukija kwenye michezo yenyewe, jambo la kwanza ni kukubali kwamba sheria za mchezo hubadilika. Timu yetu ya soka ya watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wa uwanjani wanakimbia kwa magongo na mguu mmoja; golikipa anadaka kwa mkono mmoja. Kuuchezea mpira kwa gongo ni kosa, kama sisi tunavyokataza mkono. Sheria ilitungwa upya na soka likabaki soka.

Wasioona wana mpira wa goli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Mpira wake una kengele ndani, na wachezaji, watatu kila upande, huusikiliza unakotokea. Mpira huo ukiununua ni ghali, lakini mtaa wenye kikundi cha ngoma una njuga. Zishoneeni ndani ya mpira wa matambara. Watazamaji watalazimika kunyamaza ili mchezaji asikie, jambo gumu kwa watu wetu kuliko mchezo wenyewe.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu na mikono yake haitulii, upo mchezo wa bocha, ulioingia Paralimpiki mwaka 1984. Mpira mweupe hutangulizwa, kisha kila upande hushindana kuusogelea kwa mipira yake. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa kuteremshia mpira. Sisi tulipasua bomba la plastiki la maji katikati, ikatosha. Kwa viziwi, firimbi iacheni mfukoni, tumieni kitambaa chekundu. Watoto wenye ualbino wacheze kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mpira uwe wa rangi inayong'aa, maana wengi wao wana uoni hafifu. Mwenye mgongo wazi huenda hahisi miguu yake, hivyo anaweza kuungua kwenye mchanga wa moto au kuchubuka akicheka. Mkagueni kabla hajarudi nyumbani.

Hata hivyo, mabingwa wa kubadili sheria si sisi walimu. Katika uwanja mmoja wasichana walikuwa wakicheza rede, na mwenzao mmoja hutambaa. Nilikuwa bado nawaza cha kufanya, wao wameshaamua: katikati wawe wawili, mmoja akwepe mpira, yeye ajaze mchanga kwenye chupa, na mpira unaomlenga yeye ubiringishwe. Wiki ya tatu nikasikia kelele. Mpira ulikuwa umemgusa, naye anakataa katakata, na wenzake wanamzonga, "Dhuluma! Umetoka!" Mama yake aliinuka aende kumtetea. Nilimshika mkono, nikamwomba aketi. Tangu mtoto yule azaliwe, watu walikuwa wamemhurumia tu. Hakuna aliyewahi kugombana naye.

Ndiyo maana nasisitiza ujirani. Mashindano ya kwanza ya Special Olympics ya mwaka 1968 pale Chicago yanajulikana sana. Kambi ya mwaka 1962, aliyoifungua mwanzilishi wa mashindano hayo, Eunice Kennedy Shriver, nyumbani kwake Maryland, vijana wakicheza na watoto wenye ulemavu wa akili, haitajwi sana. Kilichotangulia ni ua wa nyumba.

Vikwazo vyetu si vya ajabu. Mtoto wa miaka minane bado anabebwa mgongoni. Uwanja ukihitaji bodaboda kwenda na kurudi, mama atakuja mara mbili, ya tatu atabaki nyumbani. Kingine ni choo. Wazazi hawasemi mbele ya wageni, lakini wengi huacha kuja kwa sababu hakuna mahali pa faragha pa kumbadilishia nepi binti wa miaka kumi na moja. Tafuteni nyumba jirani yenye choo kabla hamjatafuta fulana. Na ufunguo wa stoo ya mipira asibaki nao mtu mmoja anayesafiri kila mwisho wa wiki.

Vifaa nilivyovitaja nimekuja navyo: mpira wa njuga, bomba lililopasuliwa na kokoto za mdako vimo kwenye kiroba pale mlangoni. Baada ya chai tutatoka nje. Vitambaa vya kufunga macho viko vitatu, na Mwenyekiti wa kikao hiki ameshakubali kuanza.