Kabla ya Kununua Valvu ya Bomba

Ndugu wanakamati ya maji wa Itungi, fedha hii ni ya kila kaya. Valvu ikipasuka, akina mama watarudi kuchota ziwani.

Mwuzaji atasema zote ni sawa. Si kweli! Soma ubavuni mwake. PN 10 hustahimili msukumo wa maji ya kimo cha mita 100 hivi; PN 16, mita 160. Kwa hiyo kwanza muulizeni fundi wa RUWASA tangi liko juu kiasi gani. Isiyo na jina la kiwanda iacheni, hata kwa nusu bei.

Je, duka lina vipuri? Mpira huchakaa kabla ya chuma. Mwenye duka Kyela mjini utamrudia. Wa kwenye lori utampata wapi? Risiti iandikwe jina la kamati, siyo la mjumbe.