Sifa Hazifundishi Kupiga Picha



Ajifunzaye kupiga picha za watu hukabiliwa na hatari iliyo kubwa kuliko ubovu wa kamera, nayo ni sifa za rafiki. Huambiwa picha ni nzuri sana, hata ikiwa macho ya mtu yamezama gizani. Wazee walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yafaa basi kuzitazama habari za Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyejifunza kazi hiyo kwa kukosolewa.

Bibi Cameron alizaliwa Calcutta, katika Bara Hindi, mwaka 1815. Mwezi wa Desemba 1863, alipokuwa na umri wa miaka 48, binti yake na mkwewe walimpa kamera iwe tunu. Nyumbani kwake Freshwater, katika kisiwa cha Wight, aligeuza ghala ya makaa kuwa chumba cha giza, na banda la kuku likawa mahali pa kupigia picha. Siku zile picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa, nalo lilipaswa kusafishwa kabla dawa haijakauka. Januari 1864 alipata picha ya mtoto Annie Philpot, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza kufanikiwa.

Alipozipeleka picha zake kwenye maonyesho, magazeti ya wapiga picha yalizilaumu kwamba zina ukungu na uchafu. Mwingine angalivunjika moyo. Yeye alimwendea mchoraji George Frederic Watts, akampelekea nakala, wala si zile nzuri tu, bali hata zenye kasoro, apate kuambiwa lililo kweli. Hapo ndipo penye fundisho. Wengi huficha picha zilizoharibika na kuonyesha ile iliyotoka vizuri kwa bahati. Lakini mganga hawezi kutibu kidonda kilichofunikwa.

Hata hivyo, Bibi Cameron hakukubali kila neno. Ule wororo wa nyuso aliutaka mwenyewe, ili utu wa mtu uonekane kuliko vifungo vya nguo zake. Mwishoni mwa mwaka 1864 alimwandikia Sir John Herschel, bingwa wa elimu ya nyota, akiuliza ni nani mwenye haki ya kuamua picha iwe wazi kiasi gani. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo sasa huitwa Victoria and Albert, lilinunua picha zake. Picha aliyompiga Herschel mwaka 1867 yasifiwa hata leo.

Basi mwanafunzi na amwulize mkosoaji wake mambo matatu: kosa li wapi, limetokana na nini, na litaondolewaje? Mkosoaji naye ajibu waziwazi: “Jua lilikuwa la utosini, ndiyo sababu macho yamo gizani, mweke mtu kivulini, karibu na mlango.” Kusema “mbaya” peke yake ni tusi, na kusema “nzuri” peke yake ni adabu tu.

Uso wa mzee aliyepigwa picha leo huenda usipatikane tena kesho. Afadhali mpiga picha aone haya mbele ya mkosoaji wake, kuliko jamaa za mzee huyo kukosa ukumbusho wa kweli.