Asante iliyochelewa: tumkumbuke Mama Augusta Chiwy, muuguzi

Usomaji: Yeremia 38:7–13, 39:15–18



Nabii Yeremia ametupwa ndani ya shimo. Humo hamna maji, ni matope matupu, naye anazama. Wakubwa wa mji wanajua na wananyamaza. Anayekwenda kwa mfalme kumwombea ni mgeni, mtu mweusi kutoka Kushi, jina lake Ebedmeleki. Mfalme anampa watu 30. Lakini kabla ya kushusha kamba, anapita kwanza katika chumba kilicho chini ya hazina, anakusanya vitambaa vikuukuu, anamshushia Yeremia na kumwambia aviweke makwapani ili kamba isimchubue. Kila muuguzi anayesoma hapa amekwisha kumtambua mtu huyo. Wengine walifikiri kamba, yeye alifikiri ngozi ya mgonjwa.

Leo tunamkumbuka mama mmoja wa damu yetu aliyefanya kazi ya Ebedmeleki mbali na nchi yetu. Augusta Chiwy alizaliwa mwaka 1921 huko Mubavu, katika Burundi ya leo, wakati Wabelgiji walipokuwa wakitawala huko na huku Kongo. Baba yake alikuwa Mbelgiji, munganga wa wanyama, mwenyeji wa mji mdogo uitwao Bastogne. Mama yake alikuwa Mkongomani. Wazee wetu wanajua jinsi watoto metisi walivyotendewa siku zile: wengi walinyang'anywa mama zao wakatiwa katika misheni, na serikali ya Ubelgiji iliomba msamaha juu ya jambo hilo mwaka 2019 tu. Augusta alipelekwa Bastogne kwa baba yake akiwa na miaka tisa. Akakua, akasoma uuguzi huko Louvain.

Mwezi wa 12 mwaka 1944 alipanda treni kwenda kula Noeli nyumbani kwa baba. Siku zile zile jeshi la Hitler likashambulia kwa nguvu, na Bastogne ikazungukwa pande zote. Theluji imejaa, barabara zimefungwa, dawa hazifiki. Askari Waamerika walioumia walikuwa wanalazwa chini katika nyumba za watu. Munganga wao, Jack Prior, alikuwa karibu peke yake. Akaenda kutafuta wauguzi wa kumsaidia. Wawili wakakubali: Renée Lemaire, binti wa mji ule, na Augusta.

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuwa askari, hakuwa na mkataba wala mshahara. Angeweza kubaki chini ya nyumba ya baba yake pamoja na watu wengine, na hakuna mtu angemlaumu. Alikwenda. Walikata miguu na mikono iliyooza kwa kisu cha jeshi, na konyaki ndiyo iliyotumika kupunguza maumivu. Nguo zake zilipojaa damu, akavaa mavazi ya askari, ijapokuwa Wajerumani wangemkamata katika mavazi hayo wangeweza kumwua. Alitoka hata nje, mahali pa risasi, kuokota majeruhi. Inasimuliwa kwamba Prior alimwambia risasi zimemkosa kwa sababu yeye ni mfupi. Akajibu kwamba uso mweusi katika theluji nyeupe namna ile si vigumu kuuona, basi hao watu hawajui kulenga tu. (Wauguzi wote wana mzaha wao wa saa mbaya. Mkae nao siku moja wakati wa chakula mtasikia.)

Sasa sikilizeni jambo hili. Kati ya majeruhi walikuwamo waliokataa kuguswa na mikono yake kwa sababu ni mweusi. Mtu anatokwa na damu, anakufa, lakini bado anachagua rangi ya mkono! Prior akawaambia wazi: mukubali awahudumie, ao mufe. Na Augusta? Alibaki hapo hapo. Aliwafunga vidonda hao hao.

Tusiwacheke watu wale. Katika Ebola ya 2018 hadi 2020, ile iliyoua watu zaidi ya 2,200 upande wa Beni, Butembo na Ituri, wauguzi wetu walitukanwa, vituo vya matibabu vikashambuliwa na kuchomwa moto. Na waliowatukana jana walibebwa kwao kesho, wakapokelewa.

Usiku wa tarehe 24, Noeli yenyewe, ndege zikaangusha bomu juu ya nyumba ya majeruhi. Askari wapatao 30 wakafa, na Renée akafa pamoja nao. Augusta alikuwa na Prior katika nyumba ya jirani. Nguvu ya bomu ikamrusha kupita ukuta, akaamka mzima. Siku mbili baadaye njia ikafunguliwa, askari wakaenda zao, na vita vikaendelea mbele.

Yeye akarudi kazini. Alihudumia watu walioumia uti wa mgongo, kazi ya kugeuza mgonjwa kitandani mchana na usiku. Mwaka 1959 akaolewa, akazaa watoto wawili, akawalea. Lakini yale ya Bastogne yalikuwa yamemfunga kinywa. Kwa miaka mingi alisema kidogo sana, na juu ya siku zile hakusema. Vitabu na filamu vilipotaja muuguzi mweusi wa Bastogne, vilimpa jina lisilo lake, na wengi walidhani amekufa zamani. Kumbe alikuwa mama mzee katika nyumba ya wazee karibu na Brussels. Mwandishi wa historia, Martin King, alimtafuta mpaka akampata. Mwaka 2011, akiwa na miaka 90, mfalme wa Ubelgiji akampa nishani, na mwezi wa 12 mwaka ule ule jeshi la Marekani nalo likampa yake. Akaeleza kwamba alichofanya kilikuwa kitu cha kawaida, angemfanyia mtu yeyote, kwa kuwa sisi sote ni watoto wa Mungu. Alilala tarehe 23 mwezi wa 8, 2015, akiwa na miaka 94.

Kutoka 1944 mpaka 2011! Wapendwa, tunashukuru kwamba asante ilifika. Lakini kidogo tu ingekuta kaburi.

Na hapa tuseme na kanisa letu. Sisi tunajua sana kumshukuru maiti. Mtu akifa tunashona kitenge cha namna moja, tunakodi viti na hema, kwaya tatu zinaimba, na kila mtu anashika mikrofoni kusema jinsi mama alivyomzalisha, alivyomchoma sindano bure, alivyolala kituoni na mtoto wake mwenye malaria. Mama yuko ndani ya sanduku. Wakati alipokuwa anarudi kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nani alimpelekea hata sombe? Wengi wao serikali haiwalipi, wanagawana kile kidogo kinachotoka kwa wagonjwa. Watoto wao wamekua wakila chakula kilichopoa, kwa sababu kila jioni kuna hodi mlangoni: mama munganga, njoo, mtoto anatetemeka. Na anapokuwa koko, amestaafu, hodi inaendelea. Wajukuu wanajua kwamba hadithi ya koko inaweza kukatika katikati.

Wako pia walionyamaza kama Augusta. Kivu yetu inao wengi, waliopokea watu wa vita usiku, waliofunga vidonda vya wanawake ambavyo hatuwezi kuvitaja redioni. Wanakuja ibadani, wanakaa nyuma, hawatoi ushuhuda. Tumezoea kuwaambia: omba, funga siku tatu, itaisha. Kuomba ni kwema na sisi tunaomba. Lakini Ebedmeleki hakusimama juu ya shimo na kumwambia Yeremia aongeze imani. Alishusha vitambaa. Dada aliyenyamaza hana upungufu wa imani. Amebeba mizigo yetu mpaka mgongo umekataa. Mtembelee, kaa naye, mpikie, uache aseme ao asiseme.

Turudi kwenye sura ya 39, ambayo wahubiri wengi wanairuka. Yerusalemu karibu kuanguka, Yeremia mwenyewe bado amefungwa katika ua wa walinzi. Na katika fujo hiyo Bwana ana neno kwa mtu mmoja. Anamtuma nabii kwa Ebedmeleki, kwa jina lake, kumwambia kwamba hatauawa, ataokolewa, maana alimtumaini Mungu. Neno hilo lilimfikia akiwa mzima, kabla ya moto kufika mjini. Mungu hakungoja matanga.

Basi tumekubaliana hivi hapa redioni. Tarehe 12 mwezi wa 5 ni siku ya wauguzi duniani kote. Asubuhi hiyo, mahali pa mahubiri, tutasoma majina. Utuandikie jina la muuguzi ao mzalishaji aliye hai, kanisa lolote awe, hata kama hasali, na jambo moja alilokufanyia. Jambo moja linatosha, karatasi ni ndogo. Mpeleke kwa mchungaji wako ao kwa mlinzi wa lango letu kabla ya mwisho wa mwezi wa 4. Wale wa umri wa koko tutawasoma kwanza, saa kumi na mbili na nusu, kabla usingizi haujawarudia. Na anayetoka zamu ya usiku, ndugu yake amwekee redio karibu na kitanda.