Bahari Tulivu Yenye Kreni na Moshi

(Maelezo ya ofisa wa habari wa kaunti kwa vijana wachoraji, kwenye maonyesho ya michoro yao)



Nimezunguka ukumbi huu mara mbili. Karibu kila bahari iliyotundikwa hapa ni ile ile: mnazi, jahazi, mchanga mweupe, na hakuna mtu. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu kwamba mteja anataka utulivu. Sawa, riziki ya mtu siigusi. Lakini wengi wenu mna mzazi anayevua au anayefanya kazi bandarini, na katika michoro hii hayupo.

Claude Monet alichora bandari mwaka 1872, akitazama kutoka hotelini mjini Le Havre, Ufaransa. Mchoro unaitwa "Impression, soleil levant", na jua ndilo linachomoza. Si mkubwa, sentimita 48 kwa 63. Ndani yake mna milingoti ya meli, kreni, mabomba yanayofuka moshi, na watu mashuani alfajiri. Kazi tupu! Hata hivyo ukiutazama, moyo unapoa.

Ukungu umegeuza vya nyuma vyote kuwa vivuli vya buluu na kijivu, kwa hivyo kreni zipo lakini hazipigi kelele. Mashua ya karibu imekoza rangi kuliko kitu kingine; ya pili imefifia, ya tatu yaonekana kwa shida. Zimepangwa mshazari, nalo jicho huzifuata polepole hadi ndani ya ukungu.

Siri kubwa, kwangu mimi, ni lile jua la rangi ya chungwa. Tafuteni mchoro huo kwenye simu, kisha mwondoe rangi, ubaki mweusi na mweupe. Jua karibu linatoweka. Mng'ao wake unakaribia kulingana na wa anga linalolizunguka. Kinacholitenga ni rangi tu. Ndiyo maana linawaka bila kuumiza macho.

Ulipoonyeshwa Paris mwaka 1874, Louis Leroy aliukejeli gazetini kuwa haujamalizika (mwanahabari mwenzangu, nasikitika kusema). Kejeli hiyo ndiyo iliyolipa kundi zima la wachoraji jina.

Sasa nendeni Likoni asubuhi moja kabla jua halijapanda. Mtaona abiria wa feri, wavuvi wanaorudi, na kreni za Kilindini. Msiwafute. Ukuta ule wa upande wa mlangoni bado mtupu. Nimeomba uachwe hivyo, usubiri michoro hiyo.