UKOGA WA KIJIVU KWENYE MIKAHAWA SI UGONJWA
(Maneno ya Katibu mkutanoni)



Tumesikia wenzetu wanataka kung'oa mikahawa, eti imeota ukoga na ndevu zinazonyonya mti. Si kweli. Sisi wa darasa la kisomo tumelifuatilia jambo hili. Wataalamu wanaiita likeni, nayo ni viumbe wawili, kuvu na mwani. Kuvu hushika maji na kumkinga mwenzake. Mwani hupika chakula kwa jua. Likeni haina mizizi. Inakunywa umande na mvua juu ya gome tu, na penye moshi mwingi aina nyingi hufa. Nyingine huvuta naitrojeni hewani, zikianguka na kuoza zinaacha mbolea, tena ya bure! Aina moja ndugu zetu wa pwani waliiita marere, wakaiuza Ulaya karne ya 19 kwa kutia nguo rangi ya zambarau. Mwaka 1988 Swinscow wa Uingereza na Krog wa Norwei walitoa kitabu kizima cha likeni za Afrika Mashariki.

Likeni huota polepole. Basi ukiiona imejaa, ujue matawi yamezeeka. Dawa ni kupogoa. Jumamosi tunaanza shamba la ushirika: mje na misumeno, mashoka yabaki nyumbani.