UJUMBE WA TAWI: MKONGO ULIOKATIKA NA SWALI LETU

*Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha tawi, Kirumba, Mwanza, Mei 2024*



Kwa ambao hamkufika kikaoni, haya ndiyo tuliyozungumza.

Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti ilizorota nchi nzima. Hapa Mwaloni wauza dagaa walibaki na picha za mzigo zisizoenda kwa wateja wa Kongo. Vijana wa steshenari walifunga mapema. Kwenye makundi yetu, baadhi yetu wakaandika kwamba tumezimiwa mtandao makusudi.

Ndugu, hilo tunalikanusha sisi wenyewe. Mara hii si kweli. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi nao waliguswa. Tunazo hoja za kweli za kutosha. Tusiazime za uongo.

Hoja ya kweli ni hii: mkongo ukikatika kati ya nchi mbili jirani, mbali kabisa na Ziwa letu, kwa nini Mwanza ikwame? Wenzetu wa Kenya walipungukiwa kasi, lakini tangu 2009 wana pia mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa kwenda Fujairah bila kupita kusini. Nasi Mkongo wa Taifa unafika mipakani: Mutukula, Rusumo, Namanga. Njia ya nchi kavu ipo. Tunachouliza ni kama ina nafasi ya kutosha kubeba mzigo wetu siku ya hitilafu.

Aliyewahi kukwama Kigongo kivuko kikiwa kibovu haitaji kuelezwa. Njia ya pili si anasa, ndiyo maana daraja lilijengwa.

Tumeazimia:

1. Kumwandikia mbunge wetu, Bunge la bajeti likiwa linaendelea Dodoma, aulize njia mbadala zina uwezo gani na nani anazilipia.

2. Wafanyabiashara waandike oda na namba za wateja daftarini. Wasapu ikigoma, piga simu.

3. Taarifa yoyote nzito ihakikiwe na katibu kabla ya kusambazwa.

Anayetaka kusaini barua afike ofisi ya tawi Jumamosi saa 4 asubuhi.

Mtumie na mwenzako.

Katibu Mwenezi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi