Pesa Hizi Zimetoka Wapi?

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni

  

Swali mlilonipa ni hili: kwa nini tukienda benki au Sacco kuweka pesa yetu wenyewe, tunahojiwa kama wezi? Karani anauliza kazi yako, anauliza pesa imetoka wapi, anataka kitambulisho na minutes za kikundi. Jibu fupi ni kwamba karani huyo amefundishwa kuuliza, na sheria inamtaka aulize. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu jambo lenyewe linatugusa sisi kuliko tunavyofikiri.

Pesa haramu ni ile iliyotoka kwa wizi, hongo, bangi, pembe za ndovu, ulaghai wa simu. Tusiende mbali. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lori linalochota mchanga usiku bila kibali linaiba, na pesa ya mchanga huo ni pesa ya wizi. Sasa mwenye pesa ya namna hii ana shida moja tu: hawezi kueleza ameipata wapi. Akinunua ploti pale Wote, watu watauliza. Kwa hiyo anatafuta maelezo. Anaiingiza benki kidogo kidogo, au anaipitisha kwa jina la mtu mwingine, au kwa duka lisilo na wateja, au kwa kikundi. Ikitokea upande wa pili ina karatasi nzuri: mchango, mkopo, faida ya biashara. Ndiyo maana tunasema imesafishwa. Ndugu zetu wa Tanzania husema imetakatishwa.

Hebu fikirini. Mwethya wa akina mama wanabeba mawe mwaka mzima, wanajenga bwawa la mchanga mtoni. Mtu anakuja usiku anachota ule mchanga. Halafu pesa yake inatafuta mahali pa kupita, na inapita katika akaunti ya mwethya ule ule!

Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia kusafisha pesa haramu mwaka 2009, ikaanza kutumika 2010. Benki zinatakiwa kumjua mteja, kuweka kumbukumbu kwa miaka isiyopungua saba, na kupeleka ripoti kwa kituo cha serikali kiitwacho FRC zikiona jambo la kushuku. Je, benki kubwa zilitii? Mnakumbuka mambo ya National Youth Service. Mwezi wa Septemba 2018 Benki Kuu ilizitoza faini benki tano, KCB, Equity, Standard Chartered, Diamond Trust na Co-operative, jumla ya shilingi milioni 392.5. Kosa halikuwa kwamba zilikula pesa ya vijana. Kosa lilikuwa kwamba pesa nyingi ilipita mbele ya macho yao bila ripoti za kutosha na bila karatasi za kuonyesha ni ya kazi gani. Kwa hiyo mama akiudhika kwamba anaulizwa juu ya elfu themanini za kuku, mimi namwelewa kabisa. Wakubwa walipita na mamilioni bila kuulizwa.

Na hapo ndipo mafunzo ya makarani yanapokuwa na maana, au yanapoharibika. Wanafundishwa dalili. Mtu ana milioni mbili, lakini anaweka laki mbili leo na laki mbili kesho katika matawi tofauti, ili asifikie kiwango cha kuulizwa. Au akaunti imelala miaka mitatu, mara inaamka na pesa nyingi inayotolewa siku hiyo hiyo. Au mwenye akaunti amekuja na mtu mwingine anayemjibia maswali. Hizo ni dalili nzuri.

Lakini dalili bila kuwajua watu ni hatari. Mkulima wa maembe Makueni anaweza kukaa miezi mingi na akaunti tupu, halafu mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza akaweka laki nne kwa mara moja. Karani aliyefundishwa kwa kitabu cha mjini ataona akaunti iliyoamka ghafla. Karani anayejua maembe atasema, huyu ameuza. Pesa ile ile ikija mwezi wa sita, wakati hakuna embe mtini, ni yeye huyo atakayeuliza swali la maana. Ni vivyo hivyo na ndengu za Kitui, zinavunwa baada ya mvua za mwisho wa mwaka, na kila mtu anauza wiki zile zile. Kwa maoni yangu Sacco inayofundisha makarani wake bila kuwaonyesha kalenda ya mavuno ya mahali inafanya kazi nusu. Itawasumbua wakulima, na mwizi mwenye suti atapita. Hili mliseme katika mkutano mkuu wa mwaka wa Sacco zenu, maana ninyi ndio wenye Sacco.

Mwaka 2019 tuliona jambo hili kwa macho. Benki Kuu ilitangaza tarehe 1 Juni kwamba noti za zamani za elfu moja zitakufa tarehe 30 Septemba. Mwenye nyingi alitakiwa kujieleza. Mwisho wa siku noti kama milioni 7.4 hazikurudi, yaani shilingi bilioni 7.4 zikawa karatasi tu. Hatuwezi kusema zote zilikuwa za wizi, huenda hata nyanya fulani alisahau zake ndani ya mtungi. Lakini mtu mwenye magunia ya noti asizoweza kueleza, miezi ile minne atamtafuta nani? Atamtafuta mtu mwenye jina zuri na daftari la michango. Atawatafuta ninyi.

Basi tuje kwenu. Tuseme anakuja kijana wa hapa hapa, amefanikiwa Nairobi, ana adabu, anawaamkia vizuri. Anasema, "Mama, nina pesa ya kampuni, laki tisa. Naomba ipite kwa akaunti ya kikundi wiki moja tu. Laki moja mtabaki nayo mnunue tangi." Tangi la maji, na mnajua kiangazi chetu! Kumkatalia si rahisi, na sitaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Lakini anayeweka sahihi benki si yeye, ni ninyi watatu. Mtu akipatikana na hatia ya kusafisha pesa, sheria inasema anaweza kufungwa hadi miaka 14, au atozwe faini ya hadi milioni tano au thamani ya mali yenyewe ikiwa ni kubwa zaidi, au vyote viwili. Yeye atakuwa na wakili. Mama mweka hazina atakuwa na nani?

Mwulizeni kwa heshima: kampuni gani, na kwa nini isitumie akaunti yake? Mtu mwenye pesa safi hatakasirika sana. Kama ni msaada wa kweli, aulete kwa jina lake, kwa barua, uandikwe katika minutes, na ubaki kwa kikundi wote. Msaada unaotakiwa kurudishwa kwa mtu mwingine si msaada.

Na harambee je? Huko tumezoea kupiga makofi kwanza. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa za wanasiasa zilizotolewa katika parokia ya Soweto, Embakasi, zirudishwe, zikiwemo shilingi milioni 2.6 zilizotoka kwa Rais. Hakuna aliyesema zilikuwa za wizi, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba zawadi inaweza kukataliwa mchana kweupe, hata ya mtu mkubwa, na mbingu zisianguke.

Kuna na simu. Vijana wetu wanapewa mia tano wasajili laini kwa kitambulisho chao, halafu laini inachukuliwa na mtu wasiyemjua. Pesa ya ulaghai ikipita hapo, jina ni la kijana. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kwa makosa, umrudishie kwa namba nyingine, usirudishe kwa namba nyingine. Mwambie atume ule ujumbe wa M-PESA kwa 456, Safaricom wenyewe watashughulikia.

Mmoja wenu ameniandikia karatasi hapa: je, kama pesa tayari imeingia kwa akaunti ya kikundi na hatujui ni ya nani? Msiitumie, hata kwa karo ya mtoto wa mwanachama. Msimrudishie mtu yeyote mkononi. Andikeni katika minutes siku ilipoingia na kiasi chake, halafu viongozi watatu waende pamoja kwa meneja wa benki na waombe jibu kwa maandishi. Na msitangaze kwenye baraza. Yule aliyeileta akisikia kwamba anachunguzwa, ataihamisha kabla ya jioni.

Sasa tutagawanyika kwa makundi, Kitui upande wa mwembe, Makueni hapa mbele. Kila mweka hazina afungue ukurasa wa mapato ya miezi sita iliyopita, amwonyeshe jirani yake. Jirani achague mstari mmoja wowote na aulize: hii imetoka wapi? Ambaye hana jibu aweke alama kwa kalamu nyekundu, tutaanzia hapo baada ya chai.